AVPU, GCS au FOUR: kuchagua kipimo cha fahamu, na kutenganisha magonjwa ya neva yanayofanana

Ripoti ya zamu inayosema "mgonjwa kalala lala, anaitika kwa mbali" haimsaidii anayeipokea. Saa moja baadaye atamkuta mgonjwa huyohuyo na hatajua kama anazidi kuzama au ameanza kuamka, kwa sababu hana cha kulinganishia. Na katika magonjwa ya ubongo, mabadiliko hayo ndiyo habari yenyewe. Damu inayovuja polepole ndani ya fuvu hujulikana kwa namba inayoshuka, mara chache sana kwa namba moja iliyoandikwa mapokezi.

Kwa hiyo kipimo kizuri cha fahamu ni kile ambacho watu wawili wakimpima mgonjwa mmoja watapata jibu moja, na kinachoweza kurudiwa usiku kucha. Kwa kigezo hicho nalinganisha hapa vipimo vitatu vinavyotumika sana, kisha naingia kwenye magonjwa yanayokuja na sura moja: uso uliopinda, mtu aliyeanguka na kutikisika, miguu iliyolegea, mkono unaotetemeka, mzee aliyechanganyikiwa. Nawaandikia hasa wauguzi, matabibu na wanafunzi wa tiba, ingawa ndugu anayeuguza mtu naye atapata chake.

Kabla ya kipimo chochote, pima sukari ya damu. Sukari iliyoshuka inaweza kuiga karibu kila kitu kilichomo katika makala haya: kuzama kwa fahamu, kulegea upande mmoja, degedege, kuchanganyikiwa. Ni tone moja la damu na muda usiofika dakika moja, na ugonjwa wenyewe unatibika papo hapo.

AVPU: ya haraka, ila ngazi zake ni pana

AVPU (Alert, Voice, Pain, Unresponsive) ina ngazi nne tu. Mgonjwa yuko macho kabisa, au anaitikia sauti, au anaitikia maumivu, au haitikii chochote. Inachukua sekunde chache, haihitaji kujumlisha, na ni vigumu kuikosea sana. Kwenye gari la wagonjwa, mapokezi, au wodi ambayo muuguzi mmoja anazungukia vitanda vingi akipima joto na mapigo ya moyo, sioni kipimo kinachoishinda.

Udhaifu wake ni kwamba kati ya ngazi na ngazi pana nafasi kubwa. Mgonjwa aliyekuwa akifumbua macho kwa kuitwa taratibu na kujibu maswali, kisha sasa anafumbua kwa kupigiwa kelele na kuguna tu, bado ataandikwa "anaitikia sauti" mara zote mbili, ilhali ameshaporomoka. Tena AVPU ya asili haikuwa na mahali pa kumweka mtu aliye macho lakini ghafla hajui alipo. Kasoro hiyo ilirekebishwa mwaka 2017 katika NEWS2, mfumo wa alama za tahadhari wa Royal College of Physicians ya Uingereza: kuchanganyikiwa kulikoanza upya kuliongezwa kama ngazi yake, na kunapewa alama 3, sawa na mtu anayeitikia maumivu tu. Kama unatumia AVPU, tumia hiyo yenye nyongeza. Mgonjwa aliyeanza kuongea ovyo usiku si "msumbufu". Anaumwa zaidi ya alivyokuwa jana.

GCS: lugha inayoeleweka karibu kila wodi

Kipimo cha Glasgow (Glasgow Coma Scale, ndiyo GCS) kilichapishwa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett. Kina sehemu tatu. Macho hupewa alama 1 hadi 4: anafumbua mwenyewe (4), akiitwa (3), akibanwa (2), hafumbui (1). Usemi 1 hadi 5: anajitambua, anajua alipo na ni mwezi gani (5), anaunda sentensi lakini amechanganyikiwa (4), maneno mojamoja (3), sauti zisizo maneno (2), kimya (1). Mwendo wa viungo 1 hadi 6, na hapo ndipo penye thamani kubwa na makosa mengi. Jumla ni kati ya 3 na 15. Kwa aliyeumia kichwa, 13 hadi 15 ni jeraha dogo, 9 hadi 12 la wastani, 8 kushuka chini ni kali.

Tuangalie sehemu ya mwendo kwa karibu, maana watu wawili wakigongana kwenye GCS mara nyingi wamegongana hapa. Alama 6 ni kutii amri. Usiridhike na "nishike mkono" peke yake: kiganja kilichoguswa kinaweza kujifumba chenyewe kwa refleksi, na ndugu wakafurahi bure. Mwambie ashike kisha aachie, au atoe ulimi. Asipotii, bana. Bana sehemu ya kichwa au shingo, yaani msuli wa juu ya bega au ukingo wa juu wa tundu la jicho, kwenye kile kijishimo karibu na pua. Mkono ukipanda juu kupita mtulinga kuelekea mahali unapobana, hiyo ni 5. Ukikunjika haraka kwenye kiwiko bila kufika huko, ni 4. Ukikunjika polepole juu ya kifua, kigasha kikipinda kwa ndani na kidole gumba kikifumbatwa, ni 3. Kiwiko kikinyooka, ni 2. Hakuna kitu, ni 1. Mikono ikitofautiana, andika ule ulio bora kwenye alama, na tofauti yenyewe iandike pembeni, kwa sababu huenda ndiyo inayokuonyesha upande wa jeraha.

Kusugua mfupa wa kifua kwa vifundo vya vidole achana nako. Kunaacha michubuko, na mkono ukija kifuani huwezi kujua kama umefuata maumivu au umekunjika tu.

Kosa la pili ni kuandika jumla bila sehemu zake. Chukua wagonjwa wawili wenye GCS 9. Wa kwanza anafumbua macho mwenyewe, hatoi sauti, na mkono anaukunja akibanwa: 4, 1, 4. Wa pili anafumbua akibanwa, anaguna, na mkono unafuata panapouma: 2, 2, 5. Namba ni moja, wagonjwa ni wawili tofauti kabisa. Huyo wa kwanza huenda ana kiharusi kilichoua lugha. Wa pili huenda ubongo wake wote umelewa dawa. Andika E4 V1 M4 (E ni macho, V usemi, M mwendo), kila mara.

La tatu ni kumpa 1 mtu asiyeweza kupimwa. Macho yaliyovimba yakafunga, mpira wa kupumulia uliopita kooni, mgonjwa asiyesikia, mgonjwa anayeulizwa kwa lugha asiyoijua: hizo si alama 1. Maelekezo yaliyohuishwa mwaka 2014 yanataka sehemu hiyo iandikwe NT, yaani haipimiki, na jumla isitajwe.

Kuhusu kurudia, mwongozo wa NICE, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, kwa walioumia kichwa ni mzuri kuufuata: kila nusu saa mpaka GCS ifike 15, kisha kila nusu saa kwa saa 2, kila saa kwa saa 4, halafu kila baada ya saa 2. Daktari aitwe alama moja ikishuka na kubaki chini kwa dakika 30, hasa ikiwa ni ya mwendo. Aitwe mara moja ikishuka 2 kwenye mwendo, au 3 kwenye macho au usemi. Mtu wa pili apime kuthibitisha, lakini simu isisubiri mabishano.

Mboni zimo nje ya GCS ya asili, na hazipaswi kusahaulika. Mwaka 2018 ulitolewa utaratibu wa kutoa alama kwenye jumla: mboni moja isipoitikia mwanga toa 1, zote mbili zisipoitikia toa 2. Mboni moja iliyotanuka na kugoma mwanga kwa mtu ambaye fahamu zinashuka ni dharura ya dakika, kwa sababu ubongo uliovimba unabana neva ya tatu ya kichwa. Kwa mtu aliyekaa kitandani akizungumza vizuri, mboni hiyohiyo ina maelezo mengine, kama dawa ya macho au upasuaji wa jicho wa zamani; muulize.

Jambo moja zaidi. Ile kauli ya kwamba GCS ikifika 8 lazima mgonjwa awekewe mpira wa kupumulia imetokana na majeraha ya kichwa. Kwa aliyelewa au aliyemeza dawa, angalia kama analinda njia yake ya hewa na anaelekea wapi, usiongozwe na namba peke yake.

FOUR: kwa aliye kwenye mashine

FOUR (Full Outline of UnResponsiveness) ilitoka Mayo Clinic, Marekani, mwaka 2005, chini ya Eelco Wijdicks. Ina sehemu nne, kila moja 0 hadi 4: macho, mwendo, refleksi za shina la ubongo (mboni, konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na kikohozi), na upumuaji. Jumla ni 16. Usemi haumo kabisa, na hiyo ndiyo sababu ya kuwepo kwake: mgonjwa mwenye mpira kooni anapimwa sawa na asiye nao.

Ubora wake unaonekana kwa mgonjwa aliyefungwa ndani ya mwili wake. Damu ikikatika kwenye sehemu ya mbele ya shina la ubongo, mtu anaweza kubaki na fahamu kamili lakini asiweze kusogeza chochote isipokuwa kope na macho ya kwenda juu na chini. GCS itampa E4 V1 M1, jumla 6, namba inayofanana na ya mtu aliyezama. FOUR inakulazimisha umwombe apepese macho au aangalie juu, na akifanya hivyo unagundua kwamba muda wote alikuwa anakusikia. Nawasihi wote wanaohudumia wagonjwa mahututi: swali hilo liulizwe kwa kila mtu aliyefumbua macho asiyejibu, hata kama wodi yenu haitumii FOUR.

Gharama yake ni mafunzo. Kugusa konea kwa tone la maji ya chumvi, kutambua upumuaji unaopanda na kushuka kwa mawimbi, kuona kama mgonjwa anaipita kasi ya mashine: haya yanataka mkono uliozoea. Kwenye wodi ya kawaida FOUR itajazwa kwa kukisia, na kipimo cha kukisia ni kibaya kuliko AVPU iliyofanywa kwa uaminifu.

Basi kipi?

Wodi ya kawaida na mapokezi: AVPU yenye ngazi ya kuchanganyikiwa, kwa kila mgonjwa. Mara tu mtu asipokuwa macho kabisa, au akiwa ameumia kichwa, ana kiharusi au ametoka kwenye upasuaji wa ubongo, hamia GCS. Chumba cha wagonjwa mahututi chenye watu waliofundishwa: FOUR kwa walio na mpira, au GCS yenye NT kama timu haijaizoea. Ukimhamisha mgonjwa kutoka kipimo kimoja kwenda kingine, pima vyote viwili mara moja kwa wakati mmoja ili mstari wake usikatike. Hakuna jedwali la kubadilisha alama za kimoja kuwa za kingine ambalo ningemkabidhi mgonjwa wangu.

Mtoto ambaye hajaanza kusema hapimiki kwa usemi wa mtu mzima. Kwake kuna GCS ya watoto, na kuna kipimo cha Blantyre kilichoundwa Malawi na Malcolm Molyneux na Terrie Taylor kwa watoto wenye malaria ya ubongo. Kina alama 0 hadi 5 na kinaangalia macho, kilio na mwitiko wa maumivu. 2 kushuka chini ni kuzama kwa fahamu.

Kiharusi: FAST, BE-FAST, NIHSS

FAST (Face, Arm, Speech, Time) inauliza uso, mkono, usemi, kisha muda. Ni ya kila mtu: jirani, dereva, mwalimu. BE-FAST inaongeza usawa na macho, yaani kuyumba kwa ghafla na kupoteza kuona au kuona vitu viwiliviwili. Nyongeza hiyo inanasa viharusi vya nyuma ya ubongo ambavyo FAST huvipita. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba takriban 14 kati ya wagonjwa 100 wa kiharusi hawakuwa na dalili yoyote ya FAST, na kwa kuongeza hayo mawili waliobaki nje walikuwa kama 4. Bei yake ni kuwanasa pia wengi wenye kizunguzungu cha sikio. Kwa tangazo la umma ningechagua FAST, kwa sababu inakumbukika. Kwa anayepokea wagonjwa ningechagua BE-FAST bila kusita.

NIHSS (National Institutes of Health Stroke Scale) ni kitu kingine. Haikusudiwi kutambua kiharusi bali kupima ukali wake, kwa alama 0 hadi 42, na inasaidia kuamua matibabu na kufuatilia. Ina upofu wa aina ileile: inapendelea upande wa kushoto wa ubongo kwa sababu ya uzito wa lugha, na inadharau sehemu ya nyuma. Mtu mwenye kiharusi cha ubongo mdogo anaweza kupata alama 0 akiwa amelala, huku akitapika na hawezi hata kukaa. Kabla hujaandika "hana dalili za neva", msimamishe, na atembee.

Swali la muda nalo huulizwa vibaya. Usiulize "alianza lini?" kwa mtu aliyekutwa asubuhi akiwa amelegea. Uliza mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4.5 tangu wakati huo. Kuvuta bonge kwa mrija kunawezekana hadi saa 24 kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa picha. Picha ya kwanza ni CT, ya mionzi, kwa sababu ni ya haraka na inaonyesha damu papo hapo. Kiharusi cha kuziba huenda kisionekane kwenye CT ya saa za mwanzo, na MRI, picha ya sumaku, hukiona mapema zaidi. CT safi haimrudishi nyumbani mtu aliyelegea mkono.

Uso uliopinda: kiharusi au neva ya uso?

Mwambie ainue nyusi kama anayeshangaa. Kwa kiharusi cha kawaida cha ubongo, mdomo umeshuka lakini paji la uso linakunja mikunjo pande zote mbili, kwa kuwa sehemu ya juu ya uso hupata amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Kwa ugonjwa wa Bell, ambapo neva yenyewe ya uso imevimba, upande mzima umekufa: paji limenyooka, jicho halifumbi, na ukimwambia afumbe kwa nguvu utaona mboni inapanda juu na weupe unabaki.

Mengine yanayosindikiza: Bell hujijenga kwa saa kadhaa hadi siku 3, hupenda kuanza na maumivu nyuma ya sikio, ladha hubadilika upande mmoja wa ulimi, na sauti za kawaida huumiza sikio. Kiharusi huja kwa ghafla, na mara nyingi mkono au usemi umeguswa pia. Bell hutibiwa kwa prednisolone ikianza ndani ya saa 72, na jicho lilindwe kwa matone na kufunikwa usiku, maana konea inayokauka huharibika moja kwa moja. Wengi hupona.

Lakini usiligeuze paji kuwa hakimu. Kiharusi cha shina la ubongo kinaweza kuua uso mzima kama Bell. Kama kuna kuona viwiliviwili, kuyumba, ganzi ya mwili au udhaifu wa mkono, ni kiharusi mpaka ithibitishwe vingine. Na angalia ndani ya sikio: malengelenge hapo yanaashiria virusi vya mkanda wa jeshi, ambavyo vinahitaji dawa zaidi.

Aliyeanguka na kutikisika: kuzirai au kifafa?

Hapa kipimo bora ni shahidi. Mtafute kwa simu kama hayupo, na kama kuna video ya simu iombe, kwa sababu ina thamani kuliko maelezo ya kurasa mbili.

Anayezirai huwa na onyo: kuona giza, jasho, kichefuchefu, masikio kuvuma. Huwa amesimama muda mrefu, au ameona damu. Anapauka, analegea, na anaweza kutikisika mara chache kwa sekunde kadhaa, jambo linalowapoteza wengi: kutikisika peke yake si kifafa. Akilazwa anazinduka upesi na anajua alipo. Mwenye kifafa cha mwili mzima hukakamaa kwanza, kisha hutikisika kwa mdundo kwa dakika moja au mbili, macho yakiwa wazi, midomo ikiwa na rangi ya samawati, na ulimi huumwa pembeni. Baadaye anabaki amechanganyikiwa kwa dakika nyingi, mwili mzima unauma. Kujikojolea hutokea kwa wote wawili, kwa hiyo hakuamui kitu.

Yupo wa tatu anayeua kimyakimya: aliyezirai kwa sababu ya moyo. Kuanguka katikati ya mazoezi, kuanguka akiwa amelala chali, au ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa kijana, hayo yanataka ECG, kipimo cha umeme wa moyo, siku hiyohiyo. Kwa maoni yangu kila aliyeanguka kwa mara ya kwanza apate ECG kabla hajapewa jina la kifafa, kwa kuwa jina hilo likishaandikwa humfuata mtu kazini, ndoani na barabarani kwa miaka.

Degedege likipita dakika 5 ni dharura, anza dawa ya kulikata. Mgeuze ubavu, usimtie kitu mdomoni.

Miguu iliyolegea: uti wa mgongo au Guillain-Barré?

Guillain-Barré ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia neva zilizo nje ya ubongo na uti wa mgongo.

| | Uti wa mgongo uliobanwa | Guillain-Barré |
|---|---|---|
| Refleksi | Juu ya kawaida, isipokuwa siku za mwanzo | Zimepungua au hazipo |
| Ganzi | Ina mpaka kiunoni au kifuani | Vidoleni, inapanda bila mpaka mkali |
| Mkojo | Hufunga mapema | Kwa kawaida uko sawa mwanzoni |
| Uso | Hauguswi | Unaweza kulegea pande zote mbili |
| Kinachoua | Kuchelewa kuondoa mgandamizo | Misuli ya pumzi kushindwa |

Mpaka wa ganzi hautajitokeza usipoutafuta. Chukua kitu chenye ncha, anzia mguuni, panda taratibu na umwombe aseme ncha inapokuwa kali. Kitovu ni usawa wa neva ya kumi ya kifua (T10), chuchu ni ya nne (T4). Ukipata mpaka, ni MRI ya uti wote wa mgongo kwa dharura, si miadi ya wiki ijayo. Jihadhari na refleksi katika siku za mwanzo: uti ulioumia ghafla unaweza kuwa kimya kabisa na kuiga Guillain-Barré, na hapo mpaka na mkojo ndivyo vinavyokuokoa. Muulize pia kama anahisi akijifuta chooni. Ganzi ya sehemu hiyo ikiandamana na mkojo uliofunga inataka upasuaji wa haraka.

Kwa Guillain-Barré, ambayo mara nyingi hufuata kuhara au mafua ya wiki chache zilizopita na hufikia kilele ndani ya wiki 4, mlinde pumzi. Oksijeni ya kidoleni itabaki nzuri mpaka amechoka kabisa, kwa hiyo usiitegemee. Mwambie avute pumzi moja na ahesabu kwa sauti; andika amefika ngapi, na rudia kila saa chache. Ukiwa na kifaa cha kupima pumzi, chini ya mililita 20 kwa kila kilo ya uzito ni wakati wa kumpeleka kwa wagonjwa mahututi. Steroidi hazisaidii ugonjwa huu. Kinachosaidia ni immunoglobulini ya mshipa au kubadilisha plazima.

Mkono unaotetemeka

Mtetemeko wa Parkinson huonekana mkono ukipumzika mapajani, huanza upande mmoja, na hutulia mkono ukifanya kazi. Mtetemeko wa kurithi hufanya kinyume: hujitokeza akishika kikombe au kunyoosha mikono, kwa kawaida pande zote mbili, na mara nyingi mzazi alikuwa nao. Mpe karatasi aandike sentensi. Mwandiko wa Parkinson huzidi kuwa mdogo kuelekea mwisho wa mstari. Wa mtetemeko wa kurithi ni mkubwa wenye mawimbi. Bila wepesi wa vidole kupungua hakuna Parkinson, hivyo mwambie agonge kidole gumba na cha shahada mara nyingi mfululizo, uone kama mwendo unapungua ukubwa. Kisha soma dawa zake: metoclopramide na haloperidol huleta picha ileile, na kuziacha kunaweza kuwa ndiyo tiba.

Mzee aliyechanganyikiwa: 4AT, MMSE au MoCA?

Swali la kwanza ni lini. Kuchanganyikiwa kwa saa au siku, kunakopanda na kushuka, ni deliriamu, na nyuma yake kuna sababu ya kutafutwa: maambukizi, dawa, mkojo uliofunga, chumvi za damu. Kupungua kwa miezi na miaka ni dimensia. Kinachoyatenganisha kitandani ni umakini. Mwenye dimensia ya mwanzo anaweza kutaja miezi kinyumenyume akisuasua. Mwenye deliriamu anapotea kabla ya kufika Oktoba.

4AT inachukua chini ya dakika 2 na inatafuta deliriamu. 4 kwenda juu inaashiria ipo. MMSE ya mwaka 1975 na MoCA ya mwaka 2005, zote za alama 30, zinapima kumbukumbu na akili kwa mtu aliyetulia. MoCA ni kali zaidi kwa upungufu mdogo, lakini inadai kalamu, mchoro wa saa na kuzoea maswali ya darasani. Inaongeza alama moja tu kwa aliyesoma miaka 12 au pungufu, na kwa ambaye hakusoma kabisa alama hiyo haitoshi: utampa dimensia mtu ambaye hajawahi kushika penseli. Kwake tumia MoCA-Basic, na umuulize anayeishi naye kama bado anajua kuhesabu chenji na kurudi nyumbani bila kupotea.

Mwenye homa na kuchanganyikiwa asisubiri lolote kati ya haya. Shingo laini au ishara ya Kernig (maumivu goti likinyooshwa huku paja limekunjwa) isiyoonekana haiondoi homa ya uti wa mgongo. Dawa za kuua bakteria zianze, na MMSE au MoCA ifanywe wiki kadhaa baada ya kupona.